Moja kwa Sabini na Mbili

Ijumaa, nikishavua koti la kazini,
nikishamkabidhi Mzee Ngumbao safu yake ya meno ya chini
(amelalamika tena: yanamcheza akila mahamri),
nafungua boksi.

Masharti ni yangu mwenyewe, hayana sahihi wala shahidi:
siku mbili, ndege moja.
Jumapili saa kumi na moja jioni iwe juu ya paa, imepigwa picha,
ama iingie ndooni na gundi yake mbichi.

Haraka ya nini? huuliza Munira.
Ya meno, mke wangu. Meno hayana haraka.
Wiki nzima nasaga, napima, narudia;
unene wa unywele ukizidi, mtu hafumbi kinywa.
Ndege nazijenga kama mtu anayekimbia mvua.

Kibanio ni kile kile cha kazini, msasa ule ule.
Nakata bawa kutoka kwenye fremu yake, tak,
nakwangua kovu, natia gundi, nakaza kwa vibanio vya nguo
ambavyo Munira keshavihesabu mara mbili:
vilikuwa kumi na viwili, na shati lako liko chini.
Rubani simpaki macho. Hapiti punje ya mchele,
tena nani atamwuliza aliona nini?
Rangi ya kijivu, mkono mmoja. Wa pili haupati zamu.
Vibandiko naviloweka kwenye kisosi cha kahawa.
Nyota moja ilinitoroka; niliikuta kwenye ukucha
wakati wa kutawadha,
nikaibandua kwanza, maji yapite.

Paa letu la Barani lina ufa mrefu, umenyooka.
Ndio njia ya kurukia.
Nalala kifudifudi, shavu juu ya saruji yenye joto la mchana,
simu nimeigeuza juu chini ili jicho lake liguse ardhi,
na hapo kitu cha shibiri moja kinapata tani zake.
Tangi la maji la jirani ni banda la ndege.
Chetezo cha Munira ni moshi wa injini.
Kunguru alitua nyuma, mkubwa kama msikiti,
akaharibu kila kitu. Hiyo nayo nimeihifadhi.

Jumapili iliyopita Bi Mwanatuma wa chumba cha nyuma
alipanda kuanua nguo,
akanikuta nimelala hivyo, akadhani nimeanguka.
Nikamwonyesha picha. Aliitazama sana,
miwani kaipandisha kwenye paji la uso.
"Nzuri," akasema. "Ila umeipiga kwa ubavu.
Kule Kismayu hatukuwahi kuuona ubavu wake.
Tuliona tumbo. Siku nyingine hata tumbo hatukuliona:
yenyewe ishapita, sauti ndiyo kwanza inafika."
Akakunja kanga zake, akashuka,
kibanio kimoja akakisahau.

Nikabaki na ndege, rangi haijashika vizuri,
alama ya dole gumba langu karibu na mkia.
Mwanga unaondoka. Sharti ni sharti.
Nikachomoa uzi kwenye pindo la kikoi,
nikaifunga, nikaitundika kwenye kamba ya nguo,
nikalala chali chini yake.

Tumbo la kijivu. Magurudumu niliyosahau kuyapaka.
Anga yote ya Malindi, tupu, haina kipimo.
Upepo ukaigeuza kidogo,
pua ikanielekea.

Ndiyo picha bora niliyopiga mwaka huu.
Sijamwonyesha mtu.
Boksi jingine liko chini ya kitanda, halijafunguliwa,
na leo Jumatatu, kabla sijawasha taa ya meza,
Mzee Ngumbao kashafika mlangoni, kidole mdomoni:
upande wa kushoto, asema, bado.